Tupeane uzoefu: siku soketi ilipokuumbua mbele za watu

Chalii wa Sakina
Wazee, jana nilipita steshenari moja pale Mianzini kutoa kopi, nikamkuta dogo wa chuo kainamia kompyuta, jasho linamtoka na baridi yote hii. Nikachungulia: programu ya kuchati kwa soketi (kiunganishi cha programu mbili mtandaoni), seva inayosubiri na klaienti inayoipigia hodi, na yale maandishi, Connection refused, yaani umekataliwa kuunganika. Aisee, nikakumbuka siku yangu.

Mwaka wa mwisho, siku ya kuonyesha mradi. Geto kwangu Ngaramtoni kitu kilifanya kazi wiki tatu nzima. Madirisha mawili kwenye mashine ileile ya Ubuntu, huku naandika "mambo", kule inatokea "mambo". Nikajiona nimemaliza. Siku yenyewe mwalimu akasema sawa, sasa klaienti iweke kwenye kompyuta ya mwenzako. Nikaweka. Ikakataa. Nikaandika IP (anwani ya mashine mtandaoni) upya, ikakataa. Nikabadilisha kebo, na kebo haikuwa na kosa lolote, ni mikono tu ilikuwa inatafuta pa kujificha. Watu watano wananiangalia, mmoja anakoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani.

Kumbe seva niliiambia isikilize kwenye 127.0.0.1, anwani ya mashine kujipigia yenyewe. Hapo inasikiliza wa ndani tu. Wa nje akipiga hodi anajibiwa hakuna mtu. Ilitakiwa 0.0.0.0, yaani isikilize wa ndani na wa nje. Nilikuja kuligundua nikiwa kwenye haisi narudi nyumbani.

Haya, mwageni na nyie.

Mangi wa Pasua
127.0.0.1 imetuzika wengi.

Mtu wa Rau
Yangu ilikuwa mbaya kuliko hiyo, maana kosa halikuonekana. Java. Klaienti inaunganika, seva inasema amefika mtu, halafu kimyaaa. Siku mbili naitukana ruta ya watu wasio na hatia. Kumbe upande wa kutuma nimeweka print badala ya println inayomalizia mstari, na kule kuna readLine() inasubiri mwisho wa mstari. Nadhani inasubiri mpaka leo.

Fundi Kaloleni
Hapo ndipo wengi wanapopotea. TCP, njia inayobeba data ya soketi zetu, haijui ujumbe ni nini, inajua baiti zinazotiririka. Nyie wa mlimani mtanielewa: ni mfongo, mfereji wa maji ya shamba. Mfongo unaleta maji, hauleti ndoo. Kupima ndoo ni kazi yako, ama uweke alama ya mwisho wa mstari, ama utangulize urefu wa ujumbe. Ukituma "shikamoo" halafu "mzee" harakaharaka, mwenzako anaweza kupokea "shikamoomzee" kwa mkupuo, au "shika" kwanza na mengine baadaye.

Mtu wa Rau
Mfongo! Babu yangu angekuelewa vizuri kuliko mwalimu wangu.

Kijenge Juu
Mnazunguka sana. Zima faiawali (mlinzi wa mtandao kwenye mashine), mchezo umeisha.

Fundi Kaloleni
Usimpoteze dogo. Afungue poti moja (namba ya mlango wa programu) anayoitumia, basi. Halafu aangalie namna inavyokataa. Ikikataa papo hapo, ujue mashine umeifikia ila kwenye hiyo poti hakuna anayesikiliza. Ikining'inia mpaka ichoke, kuna kitu kinameza pakiti (vifurushi vya data) njiani, au IP siyo yenyewe.

Kijenge Juu
Uongo. Windows kwa Windows hata seva ikiwa haijawashwa inaning'inia hivyohivyo. Nimejaribu.

Fundi Kaloleni
Kwa sababu faiawali ya Windows huficha hata poti tupu, haijibu chochote. Umethibitisha nilichosema, inameza pakiti.

Kijenge Juu
Kwa hiyo uizime, nilichosema.

Mangi wa Pasua
Mbona kwangu ping inajibu lakini programu haiingii?

Fundi Kaloleni
Ping inauliza tu kama mashine ipo, haigusi poti, mangi. Ni sawa na kuona taa ya dukani inawaka, haina maana muuzaji yupo.

Dada wa Majengo
Nyie mnalia na soketi zilizokataa. Mimi yangu ilikubali kupita kiasi.

Tulikuwa maabara ya kompyuta, chuo sitakitaja. Mimi na kaka mmoja tuliandika yetu ya Python, seva kwangu, poti 5000. Siku ile mwalimu anafundisha mbele, sisi nyuma tunachati. Kaka akaandika: "Leo kavaa tena ile kaunda suti ya kaki, utadhani mgambo wa soko." Nikacheka kimoyomoyo. Akaongeza: "Jumamosi nyumbani hawapo, njoo nipike machalari."

Sasa seva yetu ilikuwa na orodha ya waliounganika, na kila ujumbe inautuma kwa wote waliomo, na anayechelewa kuingia inampa na ya nyuma. Si tulijua tuko wawili? Mwalimu akawa anafundisha telnet, programu ya kuunganika na seva na kuona maandishi yake, anatafuta seva ya kuonyeshea mfano. Akaiona yangu iko wazi. Akaingia. Projekta imewashwa.

Mistari ikaanza kushuka ukutani mmoja mmoja. Wa kaki. Halafu wa machalari. Halafu na jibu langu, ambalo siliandiki hapa. Darasa zima kimya, feni tu ndiyo inasikika. Mwalimu akaangalia suti yake, akatuangalia sisi, akasema: "Programu inafanya kazi. Hilo la kumpelekea kila mtu mlirekebishe kabla ya Jumamosi."

Mangi wa Pasua
Nimemwaga chai yangu 😂😂

Mtu wa Rau
Kabla ya Jumamosi!!! Huyo mwalimu apewe uprofesa.

Kijenge Juu
Dada, na huyo kaka yuko wapi sasa?

Dada wa Majengo
Yuko Dodoma na mke wake. Programu nilibaki nayo mimi.

Kwetu Kiboriloni
Turudi kwenye mada. Mimi Moshi, jamaa yangu Njiro, kila mtu na bando lake, hotspoti ya simu. IP yangu 192.168.43.12, yake 192.168.43.107. Tukashangilia, tuko mtandao mmoja! Tulikesha mpaka saa tisa usiku. Kumbe simu zote mbili zinagawa namba za aina hiyohiyo, kila mtu yuko kwake na kilomita 80 katikati.

Fundi Kaloleni
Na hata IP ya nje isingewasaidia, kwenye data ya simu mara nyingi mnachangia moja watu wengi. Kodisheni seva ndogo nje, wote wawili mpige hodi huko.

Mtu wa Rau
Kuna na ile ukizima seva ukiwasha inakwambia anwani inatumika. Dawa?

Fundi Kaloleni
Weka SO_REUSEADDR (ruhusa ya kutumia tena anwani) kabla ya bind(), pale seva inaposhika poti. Au subiri kidogo.

Kijenge Juu
Mimi nabadilisha poti tu. Nilianza 5000, sasa niko 5017.

Chalii wa Sakina
Nimerudi Mianzini leo. Dogo kaweka 0.0.0.0, imekubali, kaninunulia soda. Ila sasa anasema mtu wa pili akiingia hapati kitu mpaka wa kwanza atoke.

Fundi Kaloleni
Akishampokea wa kwanza kwa accept() anakwama kwenye kumsoma, harudi kupokea mwingine mpaka huyo atoke. Kila anayeingia apewe uzi wake (thread), ili wote wahudumiwe sambamba.

Dada wa Majengo
Na orodha ya wanaopelekewa aiangalie mara mbili.

Mangi wa Pasua
Dada, lakini Jumamosi ulienda?