Naomba ushauri: mama ana pengo la magego mawili, tuweke meno gani?

Wakuu, heshima kwenu. Mama yangu ana miaka 58 na kisukari, amebaki na pengo la magego mawili chini kulia. Anatafunia upande mmoja, nyama kaisusa kabisa. Daktari katupa njia tatu: meno ya plastiki ya kuvaa na kuvua, daraja (meno bandia yasiyovuliwa, yanayoshikizwa kwenye meno ya jirani), au kupandikiza skrubu ya titani kwenye mfupa wa taya ili ishike jino bandia. Daraja silipendi, maana lazima wachonge meno mazima ya jirani. Kupandikiza ni bei, halafu mfupa unataka miezi 3 hadi 6 kushikana na skrubu. Aliyepandikizwa akiwa na kisukari, kidonda kilipona vizuri? Na haya ya kuvaa, nyama inatafunika kweli au ni ya kuchekea tu?