Peace River: Dola 105 kila kichwa kwenda kuchungulia mafuriko, na jino la mamathi aliloliokota mtoto limeyeyuka

Wakuu, salaam. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa matapeli wa diaspora, ule una kurasa nyingi mpaka hakuna anayeusoma. Jina la mtu aliyetuandalia safari hii sitaji. Nitamwita Mratibu, na waliokuwepo wanamjua.

Kwa wasioishi huku: Florida kuna mto unaitwa Peace River. Unaanzia karibu na Bartow, unateremka kupita Wauchula, Zolfo Springs na Arcadia, unamwaga baharini Charlotte Harbor. Unapita kwenye nchi ya fosfeti, madini ya mbolea, ambayo wenyewe wanaiita Bone Valley, yaani Bonde la Mifupa, na jina halijakosea. Chini ya mchanga kuna changarawe, na kwenye changarawe kuna visukuku, mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe: meno ya papa megalodoni aliyetoweka zaidi ya miaka milioni tatu iliyopita, meno ya farasi wa kale, vipande vya gamba la kobe, mara moja moja jino la mamathi, jamaa wa tembo aliyetoweka. Vya baharini na vya nchi kavu, vya enzi zilizoachana mamilioni ya miaka, vimechanganyika kama makande, na vingi ni vyeusi. Unaingia majini na beleshi na chekeche, unachota, unachekecha, unainama kuangalia. Ni halali, na ni utamu sikatai. Sisi ambao mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria wa Lindi, amesimama kwenye makumbusho ya Berlin, kushika jino la mnyama wa kale kwa mkono wako mwenyewe bila kuzuiwa na kioo ni jambo.

Ndiyo maana tangazo lilipopita kwenye grupu la WhatsApp nilijaa mzima mzima. "Safari ya familia, Mswahili kwa Mswahili." Dola 85 kwa kila mtu: mtumbwi, chekeche, beleshi, jaketi za kujiokolea na chakula cha mchana. Juu yake dola 20 ya kibali cha kuokota visukuku. Tulikuwa watu 19, tumetoka Tampa, Orlando na Lakeland, Wabongo, Wakenya, na familia moja ya Wakongo wa Bukavu. Tarehe: wikiendi ya sikukuu ya wafanyakazi, mwanzoni mwa Septemba, kwa sababu Jumatatu hakuna kazi.

Mwanzoni mwa Septemba, jamani!

Hapa najilaumu na mimi. Nimekulia Utete, Rufiji. Mtu wa Rufiji haambiwi mto ukijaa unafanyaje. Lakini nilijiambia huyu ni mzoefu, na huku ni Marekani, labda mto wao una adabu. Florida mvua zake zinaanza Juni na Septemba bado zinapiga. Wanaoujua ule mto wanaenda kiangazi, kuanzia Novemba hivi mpaka Mei, maji yakiwa ya goti au kiuno. Na huna haja ya kubahatisha: serikali ina vipimo vya maji Zolfo Springs na Arcadia, na vinaonyeshwa kwenye intaneti bure, unafungua kwenye simu unaona mto umepanda au umeshuka. Niliporudi nyumbani nilivifungua. Ule mstari wiki nzima kabla ya safari ulikuwa unapanda kama ngazi ya ghorofa. Nilimuuliza Mratibu kama huwa anaangalia. Jibu lake ninalo mpaka leo: "Niliona, ila watu walishalipa."

Soma tena hapo. ALIONA.

Tumefika saa tatu asubuhi. Maji rangi ya chai ya rangi, ukizamisha mkono huoni vidole. Hilo la rangi ni la kawaida kwa mto ule, ni majani na mizizi. Lisilo la kawaida ni kwamba ufukwe wa changarawe tulioonyeshwa kwenye picha za tangazo haukuwepo. Miti imesimama ndani ya maji. Mratibu akaingia na nondo yake, maana wenye kazi hiyo wanachoma mchanga kwa nondo, ikigusa changarawe inakwaruza mkononi unajua hapa pana mali. Akachoma, ikazama. Akasogea, akachoma, ikazama mpaka mkono ukalowa kiwiko. Mama wa Bukavu akasema kwa sauti, wote tukasikia: "Papa, huku ni mayi tu!"

Jaketi za kujiokolea tulizikuta sita. Watu 19. Sheria ya huku kila aliyemo kwenye chombo lazima awe na jaketi lake, na mtoto wa chini ya miaka sita kwenye chombo kidogo kama ule analivaa, haliwekwi chini ya kiti. Tukawavalisha watoto, watu wazima tukabaki na sala. Mtumbwi wa tatu ulipigwa na mkondo ukaenda kukita kwenye mti ulioanguka, ukapinduka, watu watatu majini. Mmoja ni dada ambaye hajui kuogelea kabisa, alishika tawi mpaka tulipomfikia. Mamba wamo mto ule, wale wa pua butu. Watasema hawa siyo wakali kama wetu. Sawa, nenda ukawaulize ukiwa umeshika tawi.

Mpaka hapo mtu mwenye akili angesema tugeuze, hela nitarudisha. Mratibu alisema, "Kama chini hapafikiki, chimbeni kwenye kingo."

Wakuu, kibali cha Florida ni cha kuchota chini ya mto kwa vifaa vya mkono. Kingo haziguswi. Kingo zikichimbwa zinamomonyoka, na sehemu kubwa pembeni ya mto ule ni ardhi ya watu, ranchi za ng'ombe. Mimi sikujua siku ile. Yeye alijua, na ndiye aliyetuuzia kibali. Tumepiga beleshi kama nusu saa, mzee mmoja akatokea juu na pikapu, anafoka, simu iko sikioni, anasema anamwita sherifu.

Sasa nieleweni vizuri mnaonisoma mko Mbezi na mnacheka. Katika watu 19 wale kuna wenye kesi za kuomba hifadhi ya ukimbizi ambazo bado hazijasikilizwa. Kuna mtu alikuwa anasubiri miadi ya uraia. Kukutwa na beleshi kwenye ardhi ya mtu, jina kuandikwa kwenye daftari la polisi, kwao ni miaka kumi imekwenda na maji. Niliwaona watu wazima wanatetemeka kuliko yule dada wa kwenye tawi. Mzee wa watu aliposikia watoto wanalia akapoa, akasema ondokeni sasa hivi. Tukaondoka. Mratibu wakati huo alikuwa ameshaupeleka mtumbwi wake mbele, anapiga picha.

Tuje kwenye kibali. Kinatolewa na makumbusho ya historia ya asili ya Florida, Gainesville. Ni dola 5. Tano! Kinadumu mwaka mzima. Na kwa meno ya papa peke yake hata hukihitaji, wala kwa makome na mimea ya kale, kinahitajika kwa mifupa na meno ya wanyama wengine wenye uti wa mgongo. Alichukua 20, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona karatasi yenye jina lake. Piga 20 mara 19.

Na sasa jino, ambalo ndilo limenitoa usingizini kuandika haya.

Kabla ya balaa la kingo kulikuwa na kona moja ndogo ambapo ng'ombe wanashuka kunywa, maji yanafika kiunoni. Pale tulipata kitu kidogo. Mimi nilipata meno ya papa madogo manne na mbavu za nguva wa kale, nzito kama chuma, nikarukaruka mpaka nikaambiwa mbavu za nguva ndizo takataka za mto ule, kila mtu anazo. Mtoto wa jirani yangu, miaka 11, ambaye baba yake alilipa kwa kukopa, aliinua chekeche lake na ndani kuna kipande kikubwa kama ngumi, kina mistari mistari kama mkate uliokatwa slesi. Jino la mamathi. Mtoto hakusema kitu, alikaa chini kwenye maji yale yale akalikumbatia.

Mratibu akalichukua. "Lazima nilipeleke makumbusho likathibitishwe, ndiyo sheria." Akalifunga kwenye taulo.

Siyo sheria. Nimesoma masharti yote mwenyewe usiku. Mwenye kibali anatoa taarifa ya alivyookota, makumbusho yana siku 60 ya kusema kama yanakitaka, yakinyamaza ni chako. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwenye kukodisha mitumbwi anakabidhiwa jino. Na kama hakuwa na kibali cha mtoto wala chake, anapeleka makumbusho kama nani?

Leo ni wiki ya tano. Wiki ya kwanza alisema liko Gainesville. Ya pili akasema "mtaalamu yuko likizo". Ya tatu akanitoa kwenye grupu. Nimewapigia makumbusho mwenyewe kwa Kiingereza changu cha Utete, dada wa watu akatafuta kwa jina la Mratibu, akasema hawana taarifa yoyote kutoka kwake.

NYONGEZA: Naona kuna wakuu wananijia PM eti namharibia ndugu yetu biashara, tungeyamaliza ndani kwa ndani. Ndani gani? Mlango nimefungiwa mimi. Mwingine anauliza kama nataka hela. Hela ya safari mumgawie yule dada aliyeshika tawi. Ile 20 ya kibali kila mtu arudishiwe, maana hiyo ni bidhaa ambayo haikununuliwa.

Na jino lirudi. Yule mtoto kila nikipaki gari anatoka nje kuangalia nimeshika nini mkononi. Mratibu, najua unasoma, una akaunti humu. Mafuta ya kuja mpaka kwako kulichukua naweka mwenyewe. Sema siku.