Waranti ya miaka 7 ni changa la macho. Nimepigwa, msipigwe na nyie

Wakuu habari za jukwaa. Leo nina hasira, mtanivumilia nikirukaruka.

Mwaka jana mwezi wa tatu niliamua kuachana na magari ya mtumba ya Japani. Watoto watatu, safari ya Njombe kwa mama kila baada ya miezi miwili mitatu, nikasema na mimi nikalie kiti ambacho hakijakaliwa na mtu. Nikaingia shoorum moja hapa Dar. Chapa siitaji, modi watafuta uzi, na si yoyote kati ya hizo nitakazozitaja huko chini, kwa hiyo msihangaike kubahatisha.

Dada wa mauzo kila nikimuuliza swali jibu lilikuwa lile lile. Hii gia boksi ya klachi mbili inavumilia foleni ya Kimara? "Bosi, miaka saba." Spea zinapatikana? "Bosi, una waranti miaka saba, spea za nini?" Nami nikapiga hesabu yangu ya kijinga: hakuna mfanyabiashara anayeahidi kutengeneza bure kitu kibovu, atafilisika, kwa hiyo kama ameahidi miaka saba basi hiki ni chuma. Nikasaini.

Kilomita 31,000. Mlima Kitonga. Mnaoijua barabara ya Iringa mnanielewa. Malori ya Tunduma mbele yanapanda kama yanasukumwa kwa mikono, kuovateki huthubutu, unatambaa tu. Gari likaanza kutetemeka kila nikitaka kuondoka, ikaja taa ya njano, kisha maandishi kwenye dashibodi kwamba gia boksi imepata joto, simama mahali salama. Mahali salama Kitonga! Tumesimama pembeni, mke kanyamaza kimya kile mnachokijua, magodoro mawili ya mama yamefungwa juu ya paa, ikatupita Toyota IST imesheheni watu sita na dereva akatupungia mkono.

Fundi wa Njombe ndiye aliyenifumbua macho, hakuhitaji hata mashine. Hizi klachi mbili zipo zinazokaa ndani ya oili na zipo kavu. Yangu ni kavu. Ukiwa unatembea vizuri haina neno, ila ukitambaa kwenye mlima au foleni klachi inashika nusu inaachia nusu, inasuguana muda wote na joto halina oili ya kulipoza. Yaani gari linalouzwa Dar es Salaam, jiji la foleni, adui yake ni foleni.

Nikarudi kwao kifua mbele, kijitabu cha waranti mkononi. Kijana wa mapokezi ya karakana akanipa majibu mawili huku anatabasamu. La kwanza, klachi ni kitu cha kuchakaa, ihesabu pamoja na bereki pedi na waipa, haimo. La pili, sevisi yako ya tatu ulitakiwa uifanye kwenye kilomita 15,000, umeifanya kwenye 16,300, kwa hiyo hata ingekuwemo, umeshaivunja waranti mwenyewe. Bili: shilingi 5,400,000. Spea inaagizwa, wiki saba.

Usiku ule ndipo nilipokisoma kijitabu kwa mara ya kwanza. Kosa langu, nakiri. Betri mwaka mmoja. Shokapu na bushi mwaka mmoja au kilomita 20,000. Skrini na redio miaka mitatu. Rangi miaka mitatu, kama hujaegesha karibu na bahari (nipo Kigamboni!). Ile miaka saba imebaki kwa bloku ya injini, krankshafti na difu, yaani vyuma ambavyo hata kwenye gari la hovyo ni nadra kukufia ndani ya muda huo.

Hasira ikanifanya nianze kusoma hii biashara ilikotoka. Wakuu, sisi si wa kwanza.

Hyundai waliingia Marekani mwaka 1986 na kigari kinaitwa Excel, bei dola 4,995. Kiliuzwa kama njugu. Baada ya muda mfupi vikaanza kufia barabarani, na jina la kampuni likawa kichekesho. Mwishoni mwa 1998 wakatangaza waranti ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na gia boksi, kama kilomita 160,000 hivi. Je, waliitangaza kwa sababu magari yao yalikuwa imara kuliko ya wengine? Waliitangaza kwa sababu hakuna aliyekuwa anawaamini. Toyota kule kule Marekani wanatoa miaka mitatu au maili 36,000 kwa gari zima, na mitano au maili 60,000 kwa injini na gia boksi. Basi. Kama urefu wa waranti ndio kipimo cha uimara, basi Toyota ni kimeo, nanyi wenye Land Cruiser zilizochakaa rangi na bado zinapanda Lushoto mnaota ndoto.

Halafu sikilizeni ujanja wenyewe. Ile miaka 10 ya Hyundai ni ya mmiliki wa kwanza tu. Akiliuza, wa pili anabaki na hesabu ya mitano. Sasa ni wangapi wananunua gari jipya na kukaa nalo miaka kumi? Ahadi ni ya kumi, watakaoifikisha ni wachache, na muuzaji anajua hilo kabla yako.

Nisiwe mchoyo. Wale jamaa wa Hyundai walibadilika kweli, maana kila injini iliyokufa ikawa inatoka mfukoni mwao, ikabidi kiwanda kinyooshwe. Mwaka 2004 kwenye uchunguzi wa J.D. Power, kampuni ya Marekani inayopima ubora wa magari, wa kasoro za miezi mitatu ya kwanza walilingana na Honda. Hapo nilitaka kuamini kwamba waranti ndefu inafanya kazi. Kisha nikafika kwenye injini yao ya Theta II. Vipande vya chuma vilivyobaki wakati wa kuchonga krankshafti viliziba njia za oili, beringi za konrodi zikakauka, injini zikawa zinanoki na kuzima barabarani, nyingine moto kabisa. Magari yakaanza kuitwa kurudi mwaka 2015, na 2020 serikali ya Marekani ikawabana Hyundai na Kia kwa adhabu za jumla ya dola milioni 210 kwa sababu ya jinsi walivyoshughulikia jambo hilo. Waranti ya miaka 10 ilikuwepo muda wote huo, imeandikwa vizuri kabisa.

Chrysler ndio waliniacha hoi. Julai 2007 wakatangaza waranti ya maisha kwa injini na gia boksi. Ya maisha! Mmiliki wa kwanza tu, na ulete gari likaguliwe kila miaka mitano. Tarehe 30 Aprili 2009 kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika. Mwezi mmoja kabla ya hapo serikali ya Obama ilishasimama kudhamini waranti za Chrysler na GM ili watu wasikimbie shoorum. Maisha ya nani hayo, ya inzi?

Na kuna pale ambapo waranti ndefu ni cheti cha ugonjwa. Nissan walirefusha waranti ya gia boksi za CVT (zile za otomatiki zinazotumia mkanda badala ya gia za hatua) kule Marekani hadi miaka 10 au maili 120,000 kwa sababu zilikuwa zinasumbua. Wenye CVT humu mnaujua wimbo.

IST ya shemeji yangu ni ya 2004. Ilishuka bandarini bila waranti hata ya siku moja, na ikiharibika leo asubuhi, mtaa wa Gerezani hapa Dar kuna kipuri na kuna fundi anayeijua akiwa amefumba macho, jioni inatembea. Mimi nina miaka saba na nasubiri wiki saba.

NYONGEZA: Mdau hapo chini kasema Toyota Uingereza wanatoa miaka 10. Ni kweli, walianza 2021, ila soma masharti: ukishapita ule muda wa kiwandani, kila sevisi unayofanya kwao inakuongezea mwaka mmoja au maili 10,000 mpaka ufike kumi. Ukienda kwa fundi wako wa mtaani, nyongeza huipati. Ni kamba ya kukurudisha karakanani kwao. Angalau wameisema wazi.

NYONGEZA 2: Mnaoniuliza kwa nini nilichelewesha sevisi kilomita 1,300, nilikuwa Njombe kwenye msiba wa baba mdogo. Karakana yao yenye ruhusa iliyo karibu na Njombe iko Dar. Mlitaka nimwache marehemu sebuleni nikabadilishe oili?

Gari bado liko kwao, sijalipa na sijalichukua. Kesho nawapelekea barua ya kutaka wanioneshe kwa maandishi ni vipi kuchelewa oili ya injini kumeunguza klachi kavu isiyogusana na hiyo oili. Wasipojibu naenda Tume ya Ushindani, FCC. Kama kuna mtu humu alishafikisha kesi ya gari jipya pale, naomba aniambie walimtaka alete nini na ilichukua muda gani. Mwenye fundi wa gia boksi za klachi mbili Dar au Morogoro, mwenye mashine ya kusoma kompyuta yake, anitumie namba PM.