Boti ya tanga: ya futi 32 au ya futi 31? Vipimo vinanichanganya

Tanga1: Wakuu, nimebakiza boti mbili na wiki hii lazima nimjibu muuzaji. Ya kwanza futi 32, sehemu ya chini inazama majini mita 1.8. Ya pili futi 31, inazama mita 1.1. Nimeelemea ya 32 maana ni ndefu na nasikia ndefu ndiyo inakimbia. Mnasemaje?

Joshi: Futi 32 kutoka wapi hadi wapi? Tupe urefu wa kwenye maji, upana, uzito na kimo cha mlingoti. Na utatembelea wapi, maji marefu au vijito?

Tanga1: Kwenye maji ya kwanza ni futi 25, ya pili 27, omo yake (ncha ya mbele) imesimama wima. Uzito sijauliza.

Joshi: Basi hiyo fupi ndiyo ina mwendo zaidi. Chukua kipeuo cha pili cha futi za kwenye maji, zidisha kwa 1.34, unapata mwendo kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Ya kwanza 6.7, ya pili karibu 7. Hapo ndipo boti nzito inapogota, ukiongeza tanga inajikokota tu kwenye wimbi lake yenyewe.

MkukuMrefu: Mwendo sawa, ila ya mita 1.1 kwenda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka, itakusumbua, inasukumwa pembeni sana. Mimi mkuku mrefu, ule uti wa chini ya boti, siuachi.

Nanga_Nzito: Ngoja niseme yaliyonikuta. Muuzaji aliandika futi 34, kumbe kahesabu na mlingoti wa maji, ule unaochomoza mbele ya omo, na ngazi ya nyuma humo humo, bodi yenyewe haifiki 30, halafu gati wanalipisha kila kinachochomoza kwa hiyo nalipia urefu ambao siwezi hata kulala ndani yake. Na kina alichotaja kilikuwa cha boti tupu, nikajaza maji, mafuta, mnyororo wa nanga, chakula, ikashuka, maji yalipokupwa ikakaa kwenye mchanga na kulala ubavu, mkewangu na watoto wameshikilia reli hadi maji yalipojaa. Pimeni wenyewe kwa futikamba!

Mita_Tu: Pole sana. Ndiyo maana nasema tuache futi, tutumie mita. Futi 1 ni mita 0.3048, kwa nini tuchanganye?

MkukuMrefu: Fomula ya noti iko kwa futi, kaka.

Mita_Tu: Kwa mita unazidisha kipeuo hicho kwa 2.43, tatizo liko wapi?

Joshi: Tanga1, uzito uliza kweli. Boti ya tani 5 inasukuma tani 5 za maji, na kwenye maji baridi, yasiyo na chumvi, inazama zaidi kidogo kuliko baharini. Uliza pia risasi ya mkuku, ile metali nzito ya kuituliza boti, ni kilo ngapi.

Tanga1: Ya pili ina mikuku miwili, muuzaji anasema ni chuma.

MkukuMrefu: Chuma! Kagua boliti zake kwanza.

Nanga_Nzito: Miwili inasimama wima maji yakikupwa lakini. Kimo cha mlingoti je, kuna daraja njiani?

Tanga1: Lipo moja. Kesho naenda na futikamba.