Bodi au lenzi kwanza? Nataka taimulapsi ya Njia Nyeupe juu ya Kibo

Kijana_wa_Kibosho
Habari za jioni wakuu. Niko Moshi, natumia Canon 700D na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Nia yangu ni taimulapsi (picha nyingi zinazounganishwa kuwa video ya kasi) ya Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota (Milky Way), ikipanda juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Hela niliyodunduliza inatosha kitu kimoja tu: bodi (kamera bila lenzi) ya Canon 6D iliyotumika, au lenzi nzuri. Nikipandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) hadi 3200 picha inajaa chenga, ndiyo maana moyo unavutwa na sensa kubwa, kile kipande kinachonasa picha, ya 6D. Nishaurini.

Lenzi_Kuukuu
Mkuu, anza na lenzi. Hiyo 18-55 ni EF-S, aina ya lenzi za Canon za sensa ndogo, haiingii kabisa kwenye 6D, kwa hiyo ungekaa na bodi tupu.

Halafu chenga nyingi zinatokana na uhaba wa mwanga, na mwanga unaingilia kwenye tundu la lenzi. Gawanya milimita za lenzi kwa namba ya f: 18 kwa 3.5 unapata tundu la milimita 5 hivi. Samyang 16mm f/2.0 ina tundu la milimita 8, na mwanga unaofika kwenye sensa ni kama mara tatu ya unaoupata sasa. Pia tundu lake linawekwa kwa kuzungusha pete kwa mkono, halichezi kati ya picha na picha, video haimetimeti.

Jicho_la_Usiku
Lenzi kwanza, sawa, ila si hiyo. Samyang 16mm imetengenezwa kwa sensa ndogo. Siku ukihamia 6D pembe za picha zitakuwa nyeusi na utanunua upya.

Sensa ya 6D ni milimita 36 kwa 24, eneo lake ni zaidi ya mara mbili na nusu ya sensa yako. Faida yake inaonekana ukiivalisha lenzi yenye tundu kubwa. 24mm f/1.4 ina tundu la milimita 17. Lakini ukiipa 14mm f/2.8, ambayo kila mtu anaisifia kwa bei, tundu ni milimita 5, sawasawa na hiyo yako ya sasa. Ningekuwa wewe ningetafuta Samyang 24mm f/1.4 iliyotumika. Inaingia bodi zote mbili. Kwenye 700D itaona kama 38mm, finyu kidogo, ila mlima utajaa vizuri kwenye fremu.

Dada_wa_Anga
Jamani, mbona hakuna aliyemuuliza anapigia wapi? Mdogo wangu, ukiwa Moshi mlima uko kaskazini. Sehemu nene ya Njia Nyeupe, kule kwenye makundi ya nyota ya Nge na Mshale, inapita upande wa kusini. Utakuwa umeipa mgongo, hata uwe na lenzi ya mamilioni.

Zunguka uende West Kilimanjaro, upande wa Enduimet. Huko Kibo inakaa mashariki, ikielekea kusini kidogo, na ndiko Mshale unakochomozea. Mwishoni mwa Mei, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, utaiona ikitokea nyuma ya mlima. Chagua siku za giza, mwezi usiwepo. Na usikae porini peke yako, tembo wanapita huko. Ongea na wenyeji mapema.

Kijana_wa_Kibosho
Dada, umeniokoa, maana nilishachagua paa la kupigia hapa mjini. Nakwenda na 24mm. Sasa kila picha niipe sekunde ngapi?

Jicho_la_Usiku
Ili nyota zisivute mkia, gawanya 500 kwa ile 38mm ya 700D, ni sekunde 13. Kwa picha ya kuchapisha kubwa ningeshusha zaidi, ila kwenye video ya 4K picha zako za megapikseli 18 zinapunguzwa, mkia mdogo wa nyota hauonekani. Anza na f/2, kwa sababu kwenye f/1.4 nyota za pembeni huota mabawa. Sekunde 10 za video, kwa picha 25 kila sekunde, ni picha 250, yaani karibu saa nzima ya kupiga.

Lenzi_Kuukuu
700D haina kipima vipindi ndani (cha kujipigia picha moja baada ya nyingine), nunua rimoti ya waya yenye kipima muda. Fokasi: kuza nyota angavu mara 10 kwenye skrini, zungusha mpaka iwe nukta, kisha gandisha pete kwa selotepu. Na beba mkanda wa joto wa USB wa kufunga kwenye lenzi. Umande ukishika kioo, picha zote zinazofuata ni ukungu. Betri ya pili iweke mfuko wa ndani wa koti, baridi inaimaliza haraka.