Mji Mkongwe: hoteli ndogo, mtaa mtulivu, kwa mama mwenye magoti mabovu

Mtoto wa Mwalimu (Morogoro)

Habari za jioni wanajukwaa. Mama yangu alifundisha historia sekondari mpaka alipostaafu mwaka huu. Ameichora Unguja ubaoni mara zisizohesabika, na hajawahi kuvuka bahari. Mimi na dada yangu tumechanga, tunataka tumpeleke Mji Mkongwe. Fukwe hataki. Anataka alale ndani ya nyumba ya kale, atembee taratibu, asikie taarab, na Jumapili asali kanisa Katoliki la Minara Miwili.

Shida ni magoti, ngazi zinamtesa. Tena akikosa usingizi usiku, siku inayofuata imeharibika. Nimepitia hoteli hizi ndogo za butiki mtandaoni na picha zote zinafanana: kitanda cha nakshi, chandarua cheupe, maua juu ya shuka. Kelele hazionekani kwenye picha, wala ngazi. Tulale mtaa gani, na niulize nini kabla sijatuma pesa?

Kijana wa Kigamboni

Mkuu nenda Shangani. Bahari ipo, migahawa ipo, Minara Miwili ni karibu sana, na teksi inakushusha jirani na mlango. Usihangaike na vichochoro.

Bi wa Kiponda

Mwanangu, Mungu akubariki kwa kumkumbuka mama. Mimi ni mzaliwa wa Kiponda, na nimekaa mapokezi kwenye hoteli ndogo za hapa mjini mpaka nilipopumzika. Nitakwambia yale niliyoyaona kwa wageni.

Shangani ni pazuri, simpingi mwenzetu, lakini ndiko kwenye baa na muziki wa kwenye mapaa. Mama aende huko mchana. Kwa kulala, fikiria Vuga, Hurumzi au Kiponda. Vuga kuna miti, gari inafika, na Culture Musical Club, kikundi cha taarab kilichoanza 1958, kina jengo lake hukohuko. Ila sehemu kubwa ni ofisi, zikifungwa mtaa unabaki mtupu. Kiponda wanakaa watu. Asubuhi watoto wanakwenda chuoni, yaani madrasa, na misahafu kifuani, muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe, jirani anamwita jirani dirishani. Usiku ukiingia, kimya. Ajue tu kwamba misikiti iko karibu karibu, na adhana ya alfajiri ataisikia popote atakapolala.

Sasa nyumba zenyewe. Nyingi ni za wafanyabiashara wa karne ya 19: chini duka au ghala, familia inakaa juu. Ndiyo maana vyumba vya fahari viko juu na ngazi zake ni nyembamba, zimesimama, kila kidato kirefu. Lifti usiitegemee. Mji huu umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, na mtu habomoi ndani ya nyumba apendavyo bila ridhaa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Kile chumba cha juu kabisa chenye upepo wa bahari, ambacho kila hoteli inakitanguliza kwenye picha, kwa mama yako ni adhabu. Na chai ya asubuhi mara nyingi huandaliwa juu ya paa! Nimewaona watu wazima wanakaa na njaa kwa sababu wanaona haya kusema hawawezi kupanda. Wewe mwulizie mapema: mtamletea chini? Hoteli yenye adabu itakujibu ndiyo bila kusita.

Omba chumba cha ghorofa ya kwanza, ile iliyo juu ya chumba cha chini, kinachotazama ua wa ndani. Nyumba za Kiarabu za hapa zimejengwa kuuzunguka ua, na kuta zake ni nene, basi ukilala upande huo mtaa unausikia kwa mbali tu. Nyumba za Kihindi zenye duka chini na roshani mbele zinapendeza kwa kutazama njia, lakini pikipiki za asubuhi utazisikia zote. Waambie wakupigie picha ya ngazi. Si ya chumba, ya ngazi. Uliza vidato vingapi mpaka mlangoni, na kama kuna kamba au mhimili wa kushika. Uliza pia jenereta limewekwa wapi, maana umeme ukikatika usiku linaweza kuunguruma chini ya dirisha lake. Chumba mkikikuta kirefu na chembamba msidhani mmepunjwa: dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haizidi sana mita tatu, kwa hiyo upana wa chumba uliamuliwa tangu mikokoni.

Lipo jambo moja ambalo mimi huliweka juu ya kitanda na juu ya bei. Tazama baraza ya nje ya hoteli. Kama wazee wa mtaa bado wanakaa pale jioni, mwenye hoteli anaishi na watu, na mgeni wake atasalimiwa mpaka mwisho wa kichochoro. Kama amepanga vyungu vya maua juu ya baraza ili asikae mtu, tafuta kwengine. Nyumba nyingi za jirani zetu zimegeuka hoteli, na mimi sikatai, maana nimesomeshea watoto kwa kazi hiyo. Lakini hoteli inayowafukuza majirani barazani inaua kile kile ambacho mgeni amevuka bahari kukifuata. Ulizia wafanyakazi wanatoka wapi. Jina la mtaa wa jirani likitajwa, hiyo ni alama njema.

Fundi Chokaa

Naomba nimkosoe Bi kidogo, kwa heshima. Chumba cha chini kisikataliwe moja kwa moja kwa mtu mwenye magoti. Mimi natengeneza hizi nyumba. Kuta ni mawe ya matumbawe, zimeshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Ukuta kama huo unavuta maji kutoka ardhini na unayatoa hewani, ni kawaida yake. Ukipigwa lipu ya chokaa unapumua. Ukipigwa saruji, maji yanakwama ndani, yanapanda juu, rangi inavimba na chumvi inachanua ukutani, chumba kinanuka uvundo hata AC iwake mchana kutwa.

Kwa hiyo ukifika, kabla hujaweka sanduku, tazama ukuta kuanzia sakafuni mpaka kiunoni. Kama umekauka na rangi imekaa, mama alale chini bila wasiwasi. Kama unamenyuka na umefichwa kwa kabati, sogea juu.

Mtoto wa Mwalimu

Shikamoo Bi, na asante Fundi. Sikuwaza kabisa habari ya paa wala ya ukuta. Tulipanga Aprili, Pasaka, dada yangu awe na likizo. Na je, sisi wa bara tunalipa sawa na wageni wa nje?

Bi wa Kiponda

Marahaba mwanangu. Fundi kasema kweli, namwachia kuta.

Aprili ni masika. Bei inashuka, lakini vichochoro vinajaa maji, mawe yanateleza, na baadhi ya hoteli hufunga zikafanya matengenezo. Kwa mguu mbovu sikushauri. Kama dada ana likizo Juni, njooni mwanzoni mwa mwezi huo, hali ya hewa ni ya ubaridi na bei za Julai na Agosti hazijapanda. Pandeni boti ya asubuhi, upepo wa kusi unazidi mchana. Kutoka Dar es Salaam safari huchukua muda wa saa mbili hivi mpaka bandarini Malindi. Mzigo apewe hamali mwenye mkokoteni, mama atembee mikono mitupu.

Bei ya mkaazi ipo hoteli nyingi, ila usipoiuliza hutaambiwa. Piga simu mwenyewe, sema ni Watanzania, njooni na vitambulisho vya Taifa.

Kwa mwalimu wa historia: Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la 1883, ataiona kwa nje tu, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mkunazini, penye kanisa la Anglikana, ndipo lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Aende asubuhi mapema kabla ya makundi, na ashuke polepole kwenye vile vyumba vya chini ya ardhi, ngazi zake ni fupi lakini dari inagusa kichwa. Taarab, waulize mapokezi siku za mazoezi za Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha tangu 1905. Mazoezi ni matamu kuliko maonyesho ya hotelini, mtu anakaa kwenye kiti karibu na wapiga kanuni na fidla akasikiliza.

Ukishapata majina mawili matatu ya hoteli nitumie faragha. Nitakwambia barazani kwao anakaa nani.