Kisukari aina ya pili: wanga mwingi au wanga kidogo kwa mtu wa ugali?

Kibaba
Wakuu, naomba wenye ujuzi wa lishe na dawa wanisaidie kupima mipango miwili. Mgonjwa ana kisukari aina ya pili, miaka 54, kilo 86. Anameza metformin gramu 1 mara mbili na glibenclamide mg 5 mara mbili. Asubuhi kabla ya kula mashine inasoma 8.9, saa mbili baada ya ugali wa mchana 14.6. Kreatinini (kipimo cha figo) iko sawa.

Mpango wa kwanza ni wanga gramu 250 kwa siku: dona, maharage, matunda, mafuta kidogo sana. Wa pili ni chini ya gramu 50: ugali marufuku, anakula samaki, mayai, nyama, mboga za majani na parachichi. Kila upande una watu wanaoapa. Upi unashusha sukari kweli? Halafu, dona si ina wanga mdogo kuliko sembe?

Mizani ya Jikoni
Nianze na dona, maana ndiyo inayowaangusha wengi. Gramu 100 za unga wa mahindi, uwe dona au sembe, zina wanga wa gramu 70 hadi 80. Dona inazidi kwa nyuzinyuzi na inashibisha mapema, basi. Mtu akiambiwa "dona haina shida" anajiongezea tonge mbili tatu na faida yote inaishia hapo. Mtama na ulezi, hadithi ni ileile. Uji ndio unaopandisha haraka, kwa sababu unga umesagwa laini, umeiva, na kikombe kinanyweka kwa dakika tano: unga wa ulezi gramu 40 na sukari vijiko vitatu vya chai ni wanga gramu 40 hivi, na mtu bado anahesabu kwamba hajala.

Usikisie ugali, upime. Weka sufuria tupu kwenye mizani ya jikoni, andika uzito. Pima unga wote utakaoingia, hata ule wa kuongezea mwishoni. Ukishaiva, pima sufuria na ugali wake, toa uzito wa sufuria. Tuseme unga ulikuwa gramu 500 na ugali umetoka gramu 1,400. Wanga wa unga ni kama gramu 375, kwa hiyo kila gramu 100 za ugali zina 27. Ugali laini unashuka chini ya hapo, mgumu unapanda. Sahani ya mama ntilie yenye ugali gramu 450 imebeba wanga gramu 120 kwa mlo mmoja. Hiyo 14.6 haina muujiza wowote.

Sukuma na Dagaa
Swali la mkuu linachukulia kwamba kuna mshindi. Wanga ndio unaopandisha sukari baada ya kula kuliko protini na mafuta, hilo halina ubishi. Uchambuzi wa majaribio 23 uliotoka kwenye jarida la BMJ mwaka 2021 ulionyesha kuwa waliokula chini ya gramu 130 walifanya vizuri zaidi miezi 6 ya mwanzo, lakini kufika miezi 12 tofauti ilikuwa imepungua sana.

Sasa geuza upande wa pili. Jaribio la DiRECT la Uingereza, lililotangazwa 2017, liliwapa watu supu na maziwa ya unga ya kalori 825 hadi 853 kwa siku, na zaidi ya nusu ya kalori hizo zilitoka kwenye wanga. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 walikuwa na sukari chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, ni asilimia 86. Kilichofanya kazi pale ni kupungua uzito, mafuta yakatoka kwenye ini na kongosho.

Wanga mwingi unavumilika zaidi pale mafuta yakiwa kidogo kweli na uzito unashuka. Wengi wetu hatuli mpango wowote kati ya hiyo miwili. Wali wa nazi na chapati ya kusukuma ni wanga mwingi na mafuta mengi kwa pamoja, na huo hakuna kambi inayoutetea. Na mpango wa gramu 50 bila bajeti ya samaki huishia kwenye chipsi mayai.

Kwa huyu ningeanza na gramu 120 hadi 130 kwa siku, kama 40 kila mlo: ugali gramu 150, samaki au dagaa, mboga za majani nusu sahani, robo parachichi. Maharage yakiwepo, nusu kikombe yaliyoiva ni kama gramu 20, hivyo ugali ushuke hadi gramu 75. Aanze na mboga na samaki, ugali umalizie. Mpangilio huo peke yake unapunguza mpando wa sukari.

Dozi Kwanza
Kabla hajagusa ugali, glibenclamide ijadiliwe na daktari. Dawa hiyo inakamua insulini hata kama hujala. Ukikata wanga kutoka 250 hadi 50 huku dozi ni ileile, sukari inaanguka, mara nyingi usiku. Kwa kawaida daktari huipunguza nusu au kuiondoa siku ileile mlo unapobadilika. Metformin peke yake haina tatizo hilo. Wenye insulini ya mchanganyiko wa 70/30 asubuhi na jioni wako hatarini zaidi, maana sehemu ya dozi ya asubuhi inasubiri chakula cha mchana.

Ikisoma chini ya 3.9: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, rudia kama bado. Chokoleti haifai, mafuta yake yanachelewesha. Ikishapanda, ale chakula, na aende kituo cha afya: glibenclamide inakaa mwilini muda mrefu na inaweza kumwangusha tena baada ya saa kadhaa.

Anayetumia empagliflozin au dapagliflozin (dawa zinazotoa sukari kupitia mkojo) asiguse mpango wa gramu 50 bila daktari. Damu inaweza kujaa asidi huku mashine inasoma 9 au 10, na watu wanachelewa kufika hospitali kwa sababu namba inaonekana nzuri. Mjamzito naye mpango huo haumfai.

Kibaba
Shukrani. Vijiti vya kupimia ni ghali. Apime lini ili visipotee bure?

Mizani ya Jikoni
Viwili kwa mlo mmoja: kabla ya kula, na saa mbili tangu tonge la kwanza, si tangu kunawa mikono. Mlo uleule siku tatu, kisha hamia mwingine. Kipimo cha pili kikizidi cha kwanza kwa zaidi ya 3, au kikivuka 10, punguza ugali kwa gramu 50 urudie. Anawe kwa sabuni na akauke kwanza; utomvu wa embe kidoleni unatoa namba ya uongo. Kichupa kifungwe papo hapo, unyevu unaharibu vijiti. Ile 8.9 ya asubuhi itachelewa kushuka, kwa kuwa ini humwaga sukari alfajiri. HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu) irudiwe baada ya miezi mitatu, na kama ana selimundu waambie maabara, kipimo hicho kitadanganya.